Nguo Haijakosea

Mtu wa kwanza kumwomba Fundi wapige picha pamoja alikuwa muuza maziwa. Alisimamisha baiskeli, akafuta mkono kwenye suruali, akasema kwa heshima kabisa, "Mama, samahani, si wewe yule wa mwili ndio uliokosea?" Fundi alikuwa mlangoni na sufuria yake tupu, kitambaa cha kichwa kimekaa upande, na hakuwa na pa kukimbilia. Picha ikapigwa. Muuza maziwa akamjazia kipimo chake, kisha akaongeza kidogo juu, bure, na hiyo nyongeza ndiyo iliyomuuma zaidi.

Kipande chenyewe cha video kilikuwa kifupi, mtu hawezi hata kupiga chafya mbili kabla hakijaisha. Unaona mgongo wa mwanamke mnene aliyevaa gauni la kijani ambalo zipu yake imegoma katikati. Mwanamke anasema, "Hii nguo imekosea." Nyuma yake amepiga magoti fundi mwenye pini mdomoni, anajibu bila kuinua macho, "Nguo haijakosea. Mwili ndio uliokosea." Kinakatika hapo.

Ambacho hakionekani ni kwamba yule mwenye gauni alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, na kwamba mawifi hao walikuwa hawajawahi kumaliza siku bila kutupiana maneno ya utani. Ambacho kilikatwa ni kicheko. Walicheka wote wawili mpaka pini zikamwagika sakafuni, wakatambaa kuzitafuta kama watoto waliodondosha karanga. Binti wa Fundi, ambaye baba yake alimpa jina la Kidole kwa sababu ya kushinda kwenye simu, alikuwa ameyarekodi yote hayo, akayatuma kwenye kundi la ukoo ili watu wafurahi. Na ukoo wowote haukosi mtu mmoja asiye na kazi. Huyo wa kwao aliona kicheko kinarefusha mambo, akakikata, akakirusha kipande kwenye ukurasa wake.

Baada ya hapo hakikuwa cha ukoo tena. Watu walikigeuza wimbo. Wakakifanya stika za kutumiana. Mishahara ilipochelewa wakaandika, "Mshahara haujakosea, mwezi ndio uliokosea." Timu fulani ilipokosa penalti wakaandika, "Mpira haujakosea, mlango ndio uliokosea." Mengine yalichekesha kweli, tusidanganyane. Lakini ukicheka jambo linalomhusu mtu usiyemjua, kicheko ni chepesi. Kwenye nyumba hii kila stika ilikuwa na anwani.

*

Chumba cha mbele cha nyumba ndicho kilichokuwa karakana ya Fundi: cherehani moja ya miguu, meza ya kukatia, kioo kirefu, na mlango unaotazama barabarani. Mlango huo sasa ulikuwa umefungwa mchana kutwa. Alipoufungua siku za mwanzo, walikuja wasichana watatu bila kitambaa chochote mkononi, wakasimama mbele ya kioo wakisukumana, wakamwomba tu awaambie na wao. Siku iliyofuata mteja wake wa miaka mingi alimtuma mtoto. Mtoto alikariri ujumbe kama alivyofundishwa: "Mama amesema nichukue kitambaa chake. Amesema yeye ana mwili uliokosea, atatafuta fundi mwingine." Fundi alikikunja kitambaa vizuri, akakitia kwenye mfuko, akamwambia mtoto ashike njia ya pembeni asigongwe na magari.

Kwa Wifi mambo hayakuwa na nafuu. Yeye alikuwa karani wa ofisi ya maji, dirisha la kwanza, na watu walizoea kumwona kuanzia kifua kwenda juu, nyuma ya kioo. Hakuna aliyemjua kwa mgongo. Lakini sauti yake waliijua wote, maana ndiyo iliyokuwa ikiwaambia kila mwezi kwamba bili ni bili. Bwana mmoja alisukuma karatasi yake chini ya kioo akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma ya foleni, "Bili haijakosea, eti?" Foleni ikacheka. Wifi alilishusha pazia la dirisha akaenda kukaa chooni.

Tangu siku hiyo hakukanyaga kwa kaka yake, wala hakupokea simu ya Fundi. Gauni la kijani lilibaki kwenye msumari likiwa na zipu wazi. Lilikuwa gauni la mahafali ya mwanawe, mtoto pekee aliyemlea peke yake tangu hajaota meno, na mahafali yalikuwa yanakaribia.

Fundi aliomba radhi kwa ujumbe wa sauti, kwa salamu za watu, kwa kumtuma Kidole. Hakujibiwa. Na moyoni alijua kwamba hata angejibiwa, radhi yake ilikuwa nusu, kwa sababu kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu.

Ilitokea mchana mmoja mumewe akiwa amelala. Fundi alikuwa amesoma maoni ya watu mpaka macho yakamwasha. Walimwita mchawi, walimwita asiye na haya, mmoja alimwombea vidole vikatike. Angeweza kuandika ukweli. Ukweli ulikuwa mfupi: huyu ni wifi yangu, tulikuwa tunataniana. Lakini mtu anayerushiwa mawe na umati hatafuti ukweli kwanza, anatafuta mtu wa kumsimamisha mbele yake. Akafungua akaunti ya jina la Mpenda Haki, akaandika maneno ya kumtetea fundi na kumponda mteja. Aliandika kwa hasira, akayatuma kwa hasira, na hata neno la siri alilichagua kwa hasira. Jioni alipojuta na kutaka kuyafuta, simu ilimdai lile neno. Hasira ilikuwa imekwisha, na neno lilikuwa limeondoka nayo.

Maneno yakabaki pale. Na watu wakayapenda.

*

Mume wa Fundi alikuwa msahihishaji. Maisha yake yote aliyamalizia kwenye chumba cha nyuma cha kiwanda cha uchapaji, akisoma vitabu kabla havijawa vitabu. Kazi hiyo kwao ilifanywa na watu wawili: mmoja anasoma kwa sauti kila kitu kilichoandikwa, pamoja na mkato na nukta, na mwenzake anafuata kwenye nakala ya pili. Sheria ilikuwa moja tu. Hakuna kuruka. Ukiruka jina la mtu kwa sababu unalijua, hapo ndipo kosa lilipolala. Siku hizi kiwanda kilimwita mara chache, kwa kadi za harusi na kalenda, na sauti yake ilikosa kazi.

Alivumilia ukimya wa nyumba kwa muda mrefu kuliko mtu alivyotegemea. Kisha akaenda kumsubiri dada yake nje ya ofisi ya maji, akamrudisha nyumbani kwa mguu. Walipoingia sebuleni Fundi alisimama, Wifi akabaki ameshika mkoba kifuani.

"Karibu, wifi," Fundi alisema.

"Nimemfuata kaka."

"Kaeni," Msahihishaji alisema. "Nina swali moja. Hicho kitu kinachotugombanisha, nani kati yenu amekisoma?"

"Mimi nimekisoma mpaka nimeumwa," Wifi alisema.

"Chote?"

"Kaka, mle mna maelfu ya watu. Nani atasoma chote?"

"Basi hujasoma. Umechungulia. Na wewe mama Kidole umechungulia. Mtu akichungulia dirishani huona kitanda tu, anarudi anasema nyumba nzima ni kitanda." Alivaa miwani. "Tutasoma. Toka mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti, sote, kila Jumamosi na Jumapili baada ya chakula cha mchana. Baada ya hapo kama mnataka kuchukiana, mtachukiana kwa jambo mnalolijua."

Kidole alicheka kwa woga. "Baba, komenti hazisomwi hivyo. Zinapitiwa tu."

"Ndiyo maana zimeandikwa vile."

Fundi aliona safu ile ya maoni mbele yake kama barabara, na akajua mahali hasa Mpenda Haki alipokaa akimsubiri. "Hayo ni kutonesha kidonda," alisema. "Tuyaache yapoe."

"Yamepoa?" Wifi alimuuliza, na ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni. "Wewe kwako yamepoa? Kaka, nitakuja. Nina mtu wangu mle ndani namtafuta."

*

Kidole aliyapanga maoni yaanze na ya zamani, akamkabidhi baba yake simu, na yeye akafuata kwenye simu ya pili, akiwa mshika nakala. Msahihishaji alikohoa.

"Wa kwanza. Alama ya mshangao, alama ya mshangao." Akainua macho. "Wa kwanza wa nini?"

"Wa kwanza kufika, baba. Mtu akikuta hakuna aliyeandika, anaandika hivyo."

"Halafu anapewa nini?"

"Hapewi kitu. Amefika tu kabla ya wengine."

"Na hana la kusema?"

"Hilo ndilo alilokuja kusema."

Wifi, ambaye alikuwa amekaa karibu na mlango kama mtu anayesubiri gari, alishindwa kujizuia. "Mimi kazini nafika hata mlinzi hajaamka. Sijawahi kusimama getini nikapiga kelele wa kwanza." Kidole akacheka. Fundi naye alitaka kucheka, akaogopa.

Wakaendelea. "Uso unaocheka mpaka machozi, mara nne. Uso unaocheka mpaka machozi, mara saba. Nimekufa, nukta nukta nukta." Msahihishaji alisoma vyote kwa sauti ileile aliyosomea vitabu vya sheria na mashairi ya shule, bila kucheka na bila kununa, na kadiri alivyosoma ndivyo maneno yalivyopoteza meno. Tusi likisomwa taratibu, pamoja na mikato yake, linaonekana lilivyo fupi. Aliyemwombea Fundi vidole vikatike alisomwa jina lake lote, na Kidole akafungua ukurasa wake. Alikuwa kijana wa chuo mwenye picha nyingi za paka.

"Huyu?" Fundi aliuliza. "Huyu ndiye aliyeninyima usingizi?"

"Ana paka wazuri," Wifi alisema, si kwa Fundi, kwa simu.

Wikendi ya pili walishawazoea. Kulikuwa na muuza dawa ya kupunguza tumbo ambaye alijitokeza kila baada ya muda na maneno yaleyale, wakampa jina la Daktari Tumbo. Akichelewa, Msahihishaji aliuliza habari zake. Kulikuwa na wawili waliogombana kuhusu mpira, wakatukaniana wazazi, kisha ikabainika wametoka mtaa mmoja, wakaishia kuulizana hali ya mwalimu wao wa zamani. Kulikuwa na aliyeandika, "Nimekuja kusoma komenti tu," na watu wengi wakamwunga mkono.

"Hawa hawakuja kututukana," Msahihishaji alisema siku hiyo, akifuta miwani. "Wengi wao walikuja kukaa na watu. Wamekuta sisi ndio mkeka."

"Wakae, lakini wavue viatu," Wifi alimjibu, na safari hii hata Fundi alicheka kidogo.

Jioni hiyo walifika kwa mtu asiye na picha. Msahihishaji alimsoma kama alivyowasoma wengine: "Mama yangu alikuwa fundi cherehani, nukta. Alikuwa anaongea hivihivi na pini mdomoni, nukta. Sikuwa nimesikia sauti kama hii tangu tumzike, nukta. Asanteni." Hakukuwa na uso wa aina yoyote. Kidole alijaribu kuona kama kuna aliyemjibu huyo mtu, hapakuwa na hata mmoja. Wifi alitoa leso kwenye mkoba wake. Alipoondoka, alimwambia Fundi, "Kwaheri," neno moja, na Fundi alilibeba mpaka chumbani.

Alilala nalo vibaya. Kila walivyozidi kuwa karibu ndivyo Mpenda Haki alivyozidi kusogea. Alifikiria kuiangusha simu ndani ya ndoo ya maji. Alifikiria kuugua. Mumewe alimwona anageukageuka, akamuuliza kuna nini, akasema ni joto.

*

Jumamosi iliyofuata Wifi alikuja mapema, na alikaa kwenye kochi badala ya kiti cha mlangoni. Kidole alileta chai. Wifi alikishika kikombe kwa mikono miwili.

"Leo nadhani tutafika," alisema.

"Kwa nani?" Msahihishaji aliuliza.

"Kwa mtu wangu. Kaka, mimi matusi ya watu nisiowajua nimeyasikia, yamepita. Kunenepa nimenenepa, kioo ninacho. Lakini kuna mmoja anajiita Mpenda Haki. Huyo ananijua. Anajua nguo ni ya mahafali. Anajua imefumuliwa. Mahafali nilimwambia nani? Nilimwambia yule mwenzangu wa dirisha la pili. Miaka yote tunakunywa chai kwenye chupa moja, kumbe nalea nyoka. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Umemuuliza?"

"Nimuulize nini? Nimebeba chupa yangu. Salamu nimeacha. Juzi alilia, nikamwambia machozi ya mamba apelekee mto."

Kidole alisema taratibu, "Shangazi, una hakika ni yeye?"

"Nani mwingine? Nyie?" Wifi alicheka, akanywa chai.

Fundi alikuwa amekaa kwenye stuli ya cherehani, mikono mapajani. Akilini alimwona yule karani wa dirisha la pili, mwanamke mwembamba aliyewahi kushonewa naye sketi mbili, amekaa peke yake na kikombe kitupu. Mpaka hapo alikuwa akijiambia kwamba kosa lake linamdhuru mtu mmoja. Sasa walikuwa wawili, na wa pili hakuwa hata kwenye video.

Msahihishaji alianza kusoma. Alisoma muda mrefu. Daktari Tumbo alipita, akasalimiwa. Kisha sauti ikasita. Jicho la msahihishaji hutangulia mdomo kwa mstari mmoja, ndiyo kazi yenyewe, na jicho lake lilikuwa limeshafika. Lilisoma mstari wote mpaka chini. Alikuwa ameishi na mwanamke huyu miaka mingi, alijua anavyoongea akikasirika, alijua ni nani huyo anayesema kwamba sindano inasingiziwa. Alivua miwani. Akanyoosha mkono kuchukua maji, akanywa, akarudisha bilauri mezani polepole.

"Vipi?" Wifi aliuliza. "Ndiye?"

Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo ya maisha yake, Msahihishaji alitamani kuruka.

"Lete hapa," Fundi alisema. "Hapa nisome mimi."

"Mama Kidole..."

"Lete, baba Kidole. Sheria si hakuna kuruka?"

Alimpa. Fundi aliipokea simu, akaiweka mapajani kifudifudi, kioo kikitazama sketi yake. Akamtazama wifi yake usoni, akasoma.

"Mpenda Haki. Msimlaumu fundi, nukta. Huyo mteja hana nguo inayomridhisha, nukta. Gauni la mahafali ya mtoto wake limefumuliwa mara mbili kwa ajili yake, mkato, na ukweli hataki kuambiwa, nukta. Anakula bila kujipimia halafu anaisingizia sindano, nukta. Mwacheni fundi wa watu afanye kazi." Akamalizia, "Nukta."

Simu ilikuwa bado kifudifudi. Kidole aliinamia nakala yake, akafuata kwa kidole mpaka mwisho. Halikukosekana neno.

Wifi hakuelewa mara moja. Alitazama simu mapajani mwa Fundi, akatazama mdomo wa Fundi, kisha akakiweka kikombe chini, kikagonga sahani.

"Umelikariri?" aliuliza.

"Nimeliandika."

Nje mtu alipita akiburuta mkokoteni.

"Kwa nini?" Wifi alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, si ile ya dirishani. "Wifi, mimi nilicheka na wewe. Wangekuja hapa kukupiga ningesimama mlangoni."

"Najua."

"Ningewaambia mwili ni wangu na utani ni wetu. Ulikuwa unanisubiri mimi niseme hivyo, na mimi nilikuwa nasubiri uje mwenyewe uniulize nimelalaje."

"Niliogopa. Walikuwa wengi, nikatafuta mtu wa kuwapa. Uliyekuwa karibu ni wewe." Fundi alikuwa analia bila kujifuta. "Sina neno la kujitetea, wifi. Nimejitetea mara moja, umeona kilichotokea."

Msahihishaji alitaka kusema kitu, dada yake akamzuia kwa kiganja.

"Kuna majibu chini yake," Wifi alisema. "Mengi. Nimeyasoma yote, peke yangu, kitandani. Sasa soma wewe. Yote. Usiruke."

Fundi aliigeuza simu. Alisoma kila kilichoandikwa kwa kulifuata neno lake: kumbe, alisoma, kumbe mteja ndiye tatizo, walichofananisha nacho mgongo wa wifi yake, walivyosema kitambaa kiasi gani kingetosha, uso unaocheka, uso unaocheka, uso unaocheka. Alisita mara kadhaa, na kila aliposita Wifi alisema, "Endelea," bila ukali. Chai ilipoa. Alipofika mwisho wa majibu hayo sauti ilikuwa imemkauka kabisa.

Wifi alisimama, akaokota mkoba. Mlangoni alipita karibu na gauni la kijani, hakuligusa.

"Yule mwenzangu nimemtesa bure," alisema. "Hilo nalo nitalibeba mimi, kwa sababu yako." Akaenda.

*

Nyumba haikugombana. Msahihishaji hakumsimanga mkewe, ila usiku wa kwanza alikaa muda mrefu ukingoni mwa kitanda, kisha akasema, "Ningekuwa nimeliruka, ungesema?" Fundi akafikiri kwa uaminifu, akajibu kwamba hajui. Mume akaitikia kwa kichwa, akazima taa.

Siku chache baadaye Fundi alimwita Kidole, akamwomba amwonyeshe jinsi ya kuandika chini ya kile kipande kwa jina lake halisi, lile lililo kwenye kibao cha karakana. Kidole alimwonya. "Mama, wataanza upya."

"Waanze."

Aliandika peke yake, kwa muda mrefu, kidole kimoja. Kisha akampa mumewe asahihishe, na Msahihishaji akasoma kwa sauti, akarudisha bila kubadili kitu. Iliandikwa: "Mimi ndiye fundi. Mwenye gauni ni wifi yangu, tulikuwa tunataniana, na kicheko chetu kilikatwa. Mpenda Haki pia ni mimi. Niliyoyasema pale ni uongo na ni woga. Mwili wake haujakosea. Niliyekosea ni mimi."

Wakasubiri mawe. Fundi alikaa na simu mchana kutwa kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Hakuna kilichokuja. Kidole alichunguza, akarudi na habari kwamba dunia ilikuwa imehama. Kulikuwa na mbuzi mahali fulani aliyeingia benki akasimama kwenye foleni, na watu wote walikuwa kwake. Hata Daktari Tumbo alikuwa huko.

"Yaani hakuna aliyesoma?" Fundi aliuliza.

"Hakuna, mama."

Hilo lilimuuma kwa namna ambayo hakuitegemea. Kumtukana walikuja maelfu, na kumsikia akikiri hakuja hata wa paka. Lakini alifungua mlango wa karakana, kwa kuwa hapakuwa tena na sababu ya kuufunga. Mtoto wa jirani alileta suruali iliyochanika gotini. Akaishona. Muuza maziwa alipita, akampimia kipimo chake sawasawa, bila nyongeza, na Fundi alimshukuru kuliko siku ile.

Kidole alikwenda kulipia maji. Aliporudi alivua viatu, akakaa kwenye meza ya kukatia, ambayo alikatazwa kukalia.

"Shangazi yupo," alisema. "Hakuniongelesha sana. Amenipa risiti."

"Na yule wa dirisha la pili?"

"Yupo. Chupa ya chai niliona moja. Imekaa katikati."

Fundi aliinamia cherehani. Alikanyaga pedali, akaacha, akakanyaga tena. Mahafali yalikuwa yamebaki hatua tu, na gauni lilikuwa pale pale kwenye msumari. Alikwisha kulitengeneza. Alilifumua mshono wa pembeni, akaunganisha kipande cha kitambaa kilekile, akabadili zipu. Lakini nguo haimaliziwi kwenye msumari, na vipimo alivyokuwa navyo vilikuwa vya siku ya kicheko.

Ilikuwa alasiri, Msahihishaji anasoma kadi ya harusi ya watu kwa sauti, Kidole anamfuatia kwenye nakala, simu ya Fundi ilipolia mlio mdogo kwenye droo ya nyuzi. Aliifungua akidhani ni tangazo. Chini ya maneno yake, pale palipokuwa patupu siku zote hizo, palikuwa na mtu mmoja. Picha ilikuwa ya mwanamke aliyeonekana kuanzia kifua kwenda juu, nyuma ya kioo.

Alikuwa ameandika maneno mawili: "Wa kwanza."

Fundi aliyasoma, akayarudia. Mumewe aliacha kadi katikati ya jina la bibi harusi, akauliza kuna nini. Fundi aliinuka, akalitoa gauni la kijani kwenye msumari, akalitandaza mezani, akaanza kuutafuta mkanda wa kupimia, ambao muda wote huo ulikuwa shingoni mwake.